Walituita Owen na Mzee

Jina hilo lilianzia ofisini, kwenye chai ya saa nne. Kijana mmoja wa stoo alituona tunapita na vikombe mkononi, akasema, "Owen na Mzee hao!" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ilikuwa mwaka 2021, Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka 30, yeye 51. Kufikia Ijumaa hata askari wa getini alikuwa amelipata jina.

Kwa msomaji ambaye enzi hizo alikuwa bado ananyonya, ngoja nikukumbushe Owen na Mzee ni nani. Desemba 2004 mvua zilikuwa zimewasukuma viboko kutoka Mto Sabaki mpaka baharini, karibu na Malindi. Tarehe 26 mawimbi ya tsunami yakafika pwani yetu. Kulipokucha alikuwa amebaki kiboko mmoja tu, mtoto wa mwaka mmoja hivi, amekwama kwenye miamba. Watu walihangaika naye kwa nyavu, maana kitoto cha kiboko kina kilo karibu 300 na kinateleza kama sabuni. Mwanamume aliyemrukia na kumshika aliitwa Owen, basi na mtoto akapewa jina hilo hilo. Akaletwa kwa gari hadi Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, hapa hapa Mombasa.

Aliposhushwa alikimbia moja kwa moja akajibanza nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130. Kobe hakupendezwa hata kidogo. Alimfokea kwa ule mlio wake wa pumzi, akajikokota kwenda zake. Owen akamfuata. Mzee akahama tena, akafuatwa tena. Siku chache baadaye walikuwa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, wanalala wamegusana. Picha zao zikazunguka dunia nzima, na mwaka 2006 kikatoka kitabu cha watoto kilichowafanya maarufu zaidi. Mimi nilikuwa msichana wa shule wakati huo. Darasa letu lilipelekwa kuwaona, na nakumbuka tulisukumana kwenye ukuta tukipiga kelele, "Mama yake! Mama yake!" Kumbe Mzee mwenyewe ni dume.

Sasa niambie, ungekuwa wewe, ukaitwa jina hilo mbele ya ofisi nzima kwa sababu mpenzi wako amekuzidi miaka 21, ungecheka? Mimi nilicheka. Halafu nikaenda chooni, nikasimama mbele ya kioo muda mrefu.

Maana utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake ambao yule kijana wa stoo hakuujua. Na mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafuriko yangu. Babangu alifariki mwaka 2019, ghafla, kwa presha. Miezi mitano baadaye mchumba niliyekuwa naye, mtu wa rika langu, akaniambia nimekuwa mzito, eti kila siku huzuni. Akaondoka na zulia tulilochangia kulinunua. (Zulia bado linaniuma, nisikudanganye.) Huyu wa pili alikuwa mhasibu wetu, mjane, mtu wa maneno machache. Nilikuwa namwamkia "shikamoo" kila asubuhi kama wafanyakazi wengine wote wadogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kujaza fomu za mirathi ya babangu, akinisubiri saa ya chakula cha mchana na kalamu yake mfukoni. Hakunitongoza. Nilikuwa namfuata mimi, kwa visingizio vya karatasi.

Siku niliyoacha kumwamkia shikamoo naikumbuka vizuri zaidi kuliko siku tuliyobusiana. Nilifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Nikasema, "Habari za asubuhi?" Akaniangalia juu ya miwani, akajibu, "Nzuri," na wote wawili tukajua.

Tulianza kutoka kwa kwenda Haller Park. Najua wengine mtasema, jamani, watu wazima wanaenda kutembezana kwenye wanyama? Mimi nakwambia hakuna mahali pazuri pa kumjua mtu kuliko bustani ya wanyama. Hotelini mnatazamana usoni, mwisho wa wiki mtu amevaa uongo wake mzuri kabisa, na kimya kikiingia kinatisha. Kwenye wanyama kimya hakina shida, kwa sababu twiga anatafuna. Unaona pia mwenzako anavyotembea na wengine njiani, kama anawapisha watoto au anakasirika wakimkanyaga, na kama ana subira ya kumngoja mamba ambaye hajasogea tangu asubuhi. Ndiyo maana ukienda Jumapili, au ukienda Nairobi kwenye makao ya wanyama yatima kule Lang'ata yaliyofunguliwa mwaka 1964, utakuta wapenzi ni wengi karibu kama watoto wa shule.

Siku hiyo ya kwanza, unajua alinieleza nini? Majongoo. Naam. Nimevaa gauni jipya la maua, mwenzangu ananiambia habari za majongoo! Kwamba hapo pote palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu mweupe usio na jani, na kwamba mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mivinje ikakubali. Lakini majani ya mvinje ni magumu, hayaozi haraka, yakarundikana tu chini. Ndipo yakaletwa majongoo, yale makubwa mekundu-meusi tunayoyaruka njiani wakati wa mvua, yakala yale majani na kuyafanya udongo. Miti mingine ikaota kwenye udongo ule, wanyama wakafuata. "Bila jongoo usingemuona huyu twiga," akaniambia. Nilimwangalia mtu mzima mwenye mvi anayefurahia jongoo kiasi hicho, nikasema moyoni, basi mimi nimekwisha.

Mamangu alipojua hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele. Akasema tu, "Mwanangu, wewe unamtafuta babako," akaendelea kuchambua.

Sentensi hiyo ililala na mimi usiku mwingi sana. Kwa sababu angeniambia huyo bwana ana tamaa, ningemtetea. Angesema nafuata pesa, ningecheka, mshahara wa mhasibu naujua. Lakini hili la kutafuta baba, ningelijibu vipi? Owen naye, alimpenda Mzee au aliona tu kitu cha mviringo, cha rangi ya kijivu, kinachofanana kidogo na mgongo wa mama yake? Mtoto wa kiboko hukaa na mamake miaka kadhaa. Aliyepoteza kila kitu usiku mmoja atashika chochote kilicho karibu. Hiyo ni hifadhi. Ni kitu kizuri, lakini je, ni mapenzi?

Nikaanza kusoma habari za wanyama kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoogopa. Mjini Münster, Ujerumani, mwaka 2006 bata maji mweusi wa kike aliyepewa jina la Petra alipenda boti. Si mzaha. Ilikuwa boti ya plastiki ya kupiga pedeli, kubwa, nyeupe, iliyotengenezwa kwa umbo la bata maji. Aliizunguka ziwani mchana kutwa, hakubanduka. Baridi ilipofika, bustani ya wanyama ya mji ule ilimchukua Petra pamoja na boti yake, wasitenganishwe. Watu waliona ni mahaba matamu ajabu. Mimi nilisikia ubaridi. Boti haijawahi kumkatalia mtu jambo. Haichoki wala haiamki na hasira, na haina mabinti wa kuuliza maswali. Nikajiuliza, huyu bwana mpole asiyeinua sauti, nampenda yeye au napenda boti?

Na upo upande wa hatari. Rotterdam, Uholanzi, kulikuwa na gorila dume aitwaye Bokito. Mwanamke mmoja alikuwa anakwenda kumtazama karibu mara nne kwa wiki. Alimtazama machoni, alimchekea, gorila naye akawa kama anamchekea. Wafanyakazi wa bustani walimwonya. Yeye aliamini wana uhusiano wa pekee. Mei 2007 Bokito akaruka mtaro wa maji, akamfuata yeye hasa, akamburuta na kumng'ata zaidi ya mara 100. Kumbe kwa gorila kukodolewa macho na kuoneshwa meno ni uchokozi, na yeye kwa muda wote huo alidhani anapendwa. Alipona, na hata baada ya yote aliendelea kusema Bokito ni kipenzi chake. Dada yangu unayesoma hapa, ukifikiri hiyo ni hadithi ya gorila tu, hujawahi kupendana na mtu aliyekasirika ukadhani amependezwa.

(Kwa kupumzika kidogo: mwaka 2015 kule Nagoya, Japani, wanawake walimiminika kwenye bustani ya Higashiyama kumwona gorila waliyesema ni mtanashati, anavyokaa na kukuangalia kama mwanamitindo. Jina lake? Shabani. Sikuongezi chumvi.)

Mwaka 2022 mwanzoni kampuni ikanipa nafasi ya kwenda ofisi ya Dar es Salaam, cheo juu, kwa miezi kumi na minane. Nilimpelekea habari nikitaka anizuie. Sikutaka aseme kwa mdomo, lakini nilitaka walau sura ianguke. Akasema, "Nenda." Nikamwuliza, "Hivyo tu?" Ndipo akanikumbusha habari ambayo watu wengi waliopenda zile picha hawaijui, au hawapendi kuisimulia. Owen na Mzee walitenganishwa. Owen alikua. Kiboko hata akiwa na mapenzi tele anaweza kumvunja kobe kwa kumlalia tu. Na alikuwa anahitaji kuishi na viboko wenzake, siyo kula na kutembea kama kobe maisha yake yote. Mwaka 2007 akatengewa sehemu mpya pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo.

"Nenda ukaone wenzako," akaniambia.

Wee! Nilikasirika siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Nikamwambia mimi si kiboko, na si mtoto, na wewe si bustani ya wanyama ya kunipangia niwekwe na nani. Nikamwambia kama umechoka sema umechoka. Akanijibu kwa sauti ya juu ambayo sikujua anayo, kwamba ana hofu, kwamba nikiwa na 50 yeye atakuwa na 71, na kwamba hataki siku moja niamke nione nimelala na mgonjwa ambaye nilimpenda kwa sababu ya kufiwa. Tukagombana mpaka saa sita usiku. Nikaondoka bila kuaga. Na kwenye tuktuk, nakwambia ukweli, katikati ya machozi nikajikuta nafurahi kidogo. Boti haigombani.

Dar nilikwenda. Niliwaona wenzangu, maana ndiyo agizo. Nilitoka mara tatu na kijana wa Mikocheni, miaka 33, gari safi, marashi mazuri, meno kama tangazo. Hana kosa lolote. Tulipoketi aliniuliza nafikiri nini kuhusu kila jambo, na nilichosema alikubali. Baada ya mara ya tatu sikujua bado yeye anafikiri nini.

Mombasa, yule mwingine hakupiga simu kila siku. Lakini akipiga ni kwa jambo. Bintiye, wa miaka 22 wakati tulipoanza, alitaka kuacha kazi ya benki afungue biashara ya keki, na babake alikuwa amepinga. Akanipigia usiku, hana raha, akaniuliza nafanyaje. Nikamwambia amekosea, na nikamweleza kwa nini. Alibishana nusu saa. Asubuhi akanitumia ujumbe: amemruhusu, na amenunua oveni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kimoja cha Owen na Mzee ambacho nilikisoma bila kukitilia maanani. Walikuwa na namna yao ya kusemezana. Owen akitaka Mzee asogee alikuwa anamdonoa miguu kwa pua au meno, taratibu. Mzee akitaka Owen atembee alikuwa anamng'ata kidogo mkia. Watunzaji walishindwa kusema ni nani anamwongoza nani, siku nyingine huyu mbele, siku nyingine yule. Mamangu alikuwa sahihi kuhusu mwanzo. Nilikimbilia mgongo uliokuwa karibu. Lakini hakuna mtu anayemng'ata babake mkia saa nne usiku kwa simu, na baba akageuka.

Alikuja kunitembelea, basi kutoka Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro, safari ya kutwa nzima kwa mtu mwenye mgongo wa miaka 52. Tulikwenda Coco Beach tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, tumekaa kwenye mchanga. Hakuna aliyetujua. Hakuna aliyetuita chochote. Muuza mihogo alimwita "bosi" na mimi akaniita "shemeji", basi. Ilinishangaza jinsi mwili unavyolegea usipotazamwa.

Kama unataka ushahidi wa hilo, waulize panda wa Hong Kong. Ying Ying na Le Le waliishi pamoja Ocean Park tangu 2007. Tangu 2010 wataalamu walijaribu kuwaoza. Hawakuwa na habari. Miaka kumi! Mwaka 2020 bustani ikafungwa kwa ajili ya korona, wageni wakakoma, na Aprili mwaka huo huo wawili wale wakamaliza shughuli wenyewe. Sayansi inaweza kuwa na maelezo yake marefu. Sisi tuliowahi kupendana Mombasa, mji ambao shangazi yako anajua umekula nini kabla hujanawa, hatuhitaji maelezo.

Niliporudi 2023 tuliamua kwenda kwa wazee. Na hapa lilikuwepo tatizo ambalo hakuna bustani ya wanyama iliyowahi kulitatua: mamangu amemzidi huyu bwana miaka miwili tu. Nani atamwamkia nani? Walikuwa na uwezo wa kuitana dada na kaka. Wiki nzima nilikosa usingizi kwa hilo, siyo kwa mahari. Aliingia sebuleni na wajomba zake wawili, akavua viatu, akaenda mbele ya mamangu, akainamisha kichwa chenye mvi nyingi kuliko cha mamangu mwenyewe (yeye hupaka hina), akasema, "Shikamoo, mama."

Kimya. Nilisikia feni.

"Marahaba," mama akasema, na mdomo ukaanza kumchezacheza. Kisha akacheka, kicheko cha tumbo ambacho sikukisikia nyumbani kwetu tangu babangu aondoke. Wajomba nao wakacheka. Yeye akabaki ameinama, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

Binti yake ndiye aliyekuwa mgumu, na namwelewa. Alimwambia babake kwamba hataniita mama. Nikasema sawa, mimi nimemzidi miaka minane, aniite jina langu. Alitengeneza keki ya harusi yetu, Aprili 2024, akatutoza bei kamili. Juu yake aliweka vikatuni viwili vya sukari, kiboko na kobe. Hakuna aliyemwambia habari za ofisini, nadhani dunia nzima ya Mombasa ilikuwa inajua.

Agosti mwaka ule ule Ying Ying akajifungua pacha, akiwa karibu kutimiza miaka 19, panda mkubwa kuliko wote waliorekodiwa kuzaa kwa mara ya kwanza. Bustani yenyewe ilisema ni sawa na mwanamke wa miaka 57. Mimi nilikuwa na 33, na suala la mtoto lilikuwa mezani kwetu kila usiku, yeye akipiga hesabu zake za kihasibu: mtoto akiingia kidato cha kwanza yeye ana miaka mingapi, akimaliza chuo yeye yuko wapi. Nikamtumia picha ya wale pacha akiwa kazini, bila neno lolote.

Jibu lilichukua saa nzima.

"Wawili? Ada mara mbili hiyo." Halafu, kabla sijajibu, la pili likaingia: "Ile miadi ya daktari uliyosema, ni Jumanne saa ngapi?"